Je, Kuiga ni Utumwa? Somo Kutoka kwa Salum Abdallah wa Morogoro

Kabla sijaingia katika somo lenyewe nina deni, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Wengi wenu mnaukumbuka mdahalo wa chama chetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa "Kuiga muziki wa kigeni ni utumwa wa akili." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilipiga meza, nikataja nyani aliyevaa suti, mkacheka, mkapiga makofi, na tukashinda kwa kura nyingi. Msemaji wa upinzani, ambaye ni mwenzangu wa dawati moja, alijaribu kusema kwamba kuna kuiga na kuiga. Sikumpa nafasi. Nilisimama nikamwambia, "Basi nitajie Mwafrika mmoja tu aliyeiga muziki wa watu akaheshimika." Alifikiri, akakosa jina, akaketi. Ukumbi mzima ulimzomea, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliozomea.

Jioni nilifika nyumbani kichwa kimevimba. Nikamsimulia babu yangu, ambaye ujanani alifanya kazi Mombasa. Nilitarajia anisifu. Badala yake aliniuliza, "Na Salum Abdallah mlimweka wapi?"

"Salum yupi, babu?"

Babu akaguna. "Basi mjukuu wangu, hukushinda kwa sababu unajua. Umeshinda kwa sababu wote mlikuwa hamjui."

Maneno hayo yaliniingia. Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma na nimesikiliza. Makala haya ndiyo jibu ambalo mwenzangu angeweza kunipa siku ile kama mmoja wetu angekuwa analijua. Nayaandika yawe somo kwetu sote, na pia yawe njia yangu ya kumwomba radhi.

SALUM ABDALLAH NI NANI?

Jina lake kamili ni Salum Abdallah Yazidu. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Alikuwa mwimbaji, mtunzi na kiongozi wa bendi. Ndiye aliyeifanya Cuban Marimba Band ijulikane Afrika Mashariki nzima katika miaka ya hamsini na sitini.

Ili tumwelewe mtu ni lazima tuujue mji wake. Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, yapata kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na Reli ya Kati inapita hapo. Zamani zile mji ulizungukwa na mashamba makubwa ya katani. Mji wa reli na mashamba hukusanya watu wa kila aina: makarani, vibarua, wenye maduka, mafundi na wasafiri. Wenzetu wanaotoka Sultan Hamud na Voi wanaijua hali hiyo. Watu wa makabila mengi wanapokutana wanahitaji lugha moja ya kuelewana, na jioni wakishachoka wanahitaji mahali pamoja pa kujifurahisha. Morogoro lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na mahali penyewe palikuwa ukumbi wa dansi.

Mwaka 1944 ilianzishwa bendi iliyoitwa Morogoro Jazz. Miaka minne baadaye, 1948, Salum Abdallah alianzisha ya kwake. Alikuwa na miaka ishirini tu! Mwanzoni aliiita La Paloma, kwa jina la wimbo maarufu wa karne ya 19 uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier kwa mtindo wa Havana, mji mkuu wa Cuba. Maana ya jina hilo ni njiwa. Baadaye jina likabadilika, bendi ikawa Cuban Marimba. Tangu hapo mji mmoja ukawa na bendi mbili kubwa zinazoshindana, na mashindano hayo yaliunufaisha mji kwa sababu kila upande ulilazimika kutunga nyimbo mpya.

Inasimuliwa kwamba mapenzi yake kwa Cuba yalikuwa makubwa hata akatoroka nyumbani na kufika Mombasa kutafuta meli ya kumpeleka huko. Safari hiyo haikufika mbali. Salum Abdallah aliijua Cuba kwa masikio tu.

MUZIKI WA CUBA ULIFIKAJE MOROGORO?

Hapa niliuliza swali ambalo nadhani nawe unajiuliza. Cuba ni kisiwa kilicho upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Kijana wa Morogoro aliupataje muziki wake wakati hakukuwa na kaseti, televisheni wala intaneti?

Jibu ni santuri. Santuri za wakati ule zilikuwa sahani nyeusi, nzito, zenye kuvunjika upesi kama kigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua wimbo wa kama dakika tatu. Gramafoni yenyewe ilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo haikuhitaji umeme. Mtu mmoja akiwa nayo, jirani wote wamepata muziki.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Uingereza yenye alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, His Master's Voice, ilileta Afrika santuri zilizopewa herufi GV. Nyingi zilikuwa za wanamuziki wa Cuba. Miongoni mwa za mwanzo kabisa ulikuwemo wimbo "El Manisero", yaani muuza njugu, uliotungwa na Moisés Simons na kurekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu. Wimbo wa muuza njugu! Hebu fikiria, hata hapa stendi ya Machakos wauza njugu wapo na kila mmoja ana mwito wake. Sishangai kwamba Waafrika waliuelewa kabla hawajajua neno moja la Kihispania.

Karatasi za santuri hizo ziliandikwa "rumba". Wataalamu wanatueleza kwamba mtindo wenyewe kwa jina lake la Cuba ni "son", na kwamba rumba ya Cuba hasa ni ngoma nyingine ya kupigwa kwa magoma na kuimba. Lakini jina lililobandikwa kwenye santuri ndilo lililotufikia. Ndiyo maana mpaka leo tunasema rumba.

KABLA YA CUBA ULITOKA WAPI?

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ya mdahalo ilipovunjika mguu.

Kwa karne kadhaa Waafrika walikamatwa, wakavushwa Atlantiki na kuuzwa utumwani Cuba, wakalime miwa. Wengi walitoka nchi za Kongo na za Wayoruba. Utumwa ulikomeshwa Cuba mwaka 1886. Watu wale walinyang'anywa kila kitu, lakini midundo na namna ya kuimba hawakuweza kunyang'anywa. Mmoja anaanzisha, wengine wanamwitikia, kama tufanyavyo sisi kwenye harusi. Midundo hiyo ilipokutana na gitaa na mashairi ya Wahispania, ukazaliwa muziki mpya. Hata ile ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja inaitwa konga, nalo jina linatukumbusha ilikotoka.

Nitataja watu wawili tu. Wa kwanza ni Arsenio Rodríguez, aliyezaliwa mwaka 1911 katika mkoa wa Matanzas, mjukuu wa mtumwa kutoka Kongo. Alipofuka akiwa mtoto baada ya kupigwa teke na mnyama. Alipiga tres, gitaa la Kicuba lenye nyuzi zilizopangwa katika jozi tatu. Katika miaka ya arobaini aliikuza bendi ya son kwa kuongeza konga, piano na tarumbeta zaidi ya moja, na bendi nyingi zilizokuja baadaye zimejengwa juu ya mpango huo. Alifariki mwaka 1970.

Wa pili ni Mario Bauzá, naye wa mwaka 1911, mzaliwa wa Havana. Alikwenda New York akapiga tarumbeta katika bendi za Wamarekani weusi, kisha akawa kiongozi wa muziki katika bendi ya shemeji yake, Machito. Mwaka 1943 alitunga "Tanga", kipande ambacho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa jazi ya Kiafrika na Kicuba, yaani sauti za jazi zikitembea juu ya mdundo wa Cuba. (Tanga hiyo si mji wa Tanga wa Tanzania, ni majina tu kufanana!) Bauzá ndiye pia aliyemkutanisha Dizzy Gillespie na mpiga konga Chano Pozo, na mwaka 1947 wawili hao wakatoa "Manteca". Bauzá alifariki mwaka 1993.

Nieleze neno moja. Bauzá na Rodríguez hawakuwa watunzi tu, walikuwa pia wapangaji. Sisemi mpangaji wa nyumba ya kulipa kodi! Mtunzi huleta wimbo. Mpangaji huamua tarumbeta iingie lini, nani amwitikie mwimbaji, na ngoma inyamaze wapi. Ni sawa na insha: mawazo ni kitu kimoja, na kuyapanga katika aya ni kazi nyingine. Walimu wetu wanajua ni ipi inatushinda zaidi.

Basi muziki huu ulikwenda Cuba ndani ya meli za watumwa, nao ukarudi Afrika ndani ya masanduku ya santuri. Katika mdahalo niliuita muziki wa kigeni. Kumbe ulikuwa kama mjomba aliyepotea miaka mingi. Anarudi na nguo nyingine na lugha nyingine, lakini ukimtazama pua unaijua.

JARIBIO LA MAKOFI

Hili ni somo, kwa hiyo tufanye jaribio. Mdundo unaobeba muziki wa Cuba unaitwa klave. Hupigwa kwa vijiti viwili vya mbao ngumu, lakini viganja vinatosha. Soma mstari ufuatao kwa mwendo ulio sawa, na kila penye PA piga kofi:

PA ta ta PA ta ta PA ta ta ta PA ta PA ta ta ta

Hesabu silabi, utapata 16. Hesabu makofi, utapata matano: la 1, la 4, la 7, la 11 na la 13. Rudia bila kusimama. Upande wa kwanza una makofi matatu yanayovutana, na upande wa pili una mawili yanayojibu. Swali, jibu. Swali, jibu. Siri ya klave ni kwamba makofi hayako mbali kwa kipimo kimoja. Baadhi yameachana kwa hatua tatu, mengine kwa hatua nne au mbili. Mwili unangojea kofi linalofuata, na kule kungojea ndiko kunakoinua miguu.

Mpangilio huu huu husikika katika ngoma za Afrika Magharibi, mathalan kpanlogo ya Ghana, na husikika katika rumba ya Kongo. Nilipoupiga jikoni kwenye kifuniko cha sufuria, nyanya yangu, ambaye hajui Cuba iko wapi, alianza kutikisa mabega huku anapepeta maharagwe. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

SALUM ABDALLAH ALIONGEZA NINI?

Sasa tumrudie mtu wetu. Mpinzani angeweza kuniambia, "Sawa, mdundo ulikuwa wa Afrika. Lakini Salum alinakili tu santuri, si ndiyo?"

Ni kweli kwamba bendi nyingi za wakati ule, Kongo na huku kwetu, zilianza kwa kunakili. Wengine waliimba maneno ya Kihispania, au sauti zinazofanana nayo, bila kujua maana. Kama mambo yangeishia hapo, ningeendelea kusimama na hoja yangu ya zamani. Kuimba usichokijua, mbele ya watu wasiokijua, ni kasuku kumwimbia kasuku.

Lakini Salum hakuishia hapo. Naona aliongeza mambo matatu.

Kwanza, lugha. Aliimba kwa Kiswahili, na Kiswahili kilichonyooka. Hili si jambo dogo. Maneno ya Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mengi ni marefu, wakati mdundo wa klave una mahali pake pa kukazia. Ukiyabandika maneno ovyo, wimbo unachechemea. Jaribu mwenyewe kutia jina lako katika yale makofi matano uone kazi ilivyo. Mtunzi wa aina hii anafanya kazi ya mshairi anayehesabu mizani, tofauti ni kwamba mizani yake inachezwa.

Pili, mambo yenyewe. Nyimbo zake zinazungumzia watu wake: mapenzi, sikukuu, maisha ya mji na taifa changa. Uko "Mkono wa Idi", wimbo wa sikukuu ambao miaka mingi baada ya kifo chake umeendelea kusikika redioni Tanzania kila Idi inapofika. Uko pia "Wanawake Tanzania". Jina la wimbo huu lina historia ndani yake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika rasmi Oktoba mwaka huo. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Kwa hiyo wimbo wenye jina hilo aliutoa wakati jina la nchi lilikuwa bado jipya mdomoni. Watu walikuwa wanajifunza kujiita Watanzania, na mwanamuziki alikuwa anawafundisha wakicheza.

Tatu, jina. Tazama tena Cuban Marimba. Marimba ni neno la Kibantu na ni ala yetu ya mbao za kugonga. Ala hiyo na jina lake vilivuka Atlantiki pamoja na watumwa, na hadi leo vipo katika nchi za Amerika ya Kati. Kwa hiyo nusu moja ya jina ni yetu waziwazi, na ile nusu nyingine, Cuban, tumeona damu yake. Sijui kama Salum alikusudia hivyo, ila jina lenyewe linasema kweli.

Kazi zake zilirekodiwa katika santuri na katika studio za redio ya taifa ya Tanganyika. Miongoni mwa santuri hizo zimo za lebo ya Mzuri ya Mombasa. Ndiyo maana babu yangu, Mkamba aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alimjua Salum wa Morogoro bila kukanyaga Tanganyika. Aliniambia kwamba Kiswahili alichokuta Mombasa kilimpiga chenga mwanzoni, na nyimbo kama hizo ndizo zilizomsaidia. "Mwalimu anasema mara moja," alisema. "Santuri unairudisha."

KIFO NA URITHI

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari. Hakufikisha hata miaka arobaini. Bendi haikufa siku hiyo. Mwimbaji Juma Kilaza alishika uongozi na Cuban Marimba ikaendelea.

Upande wa pili wa mji, Morogoro Jazz ilimpata kijana mpiga gitaa na mwimbaji, Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda hadi Osaka, Ujapani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Fikiria: miaka michache kabla, mji huu ulikuwa unasikiliza dunia kwa gramafoni, na sasa dunia inausikiliza mji. Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1979, hapa kwetu Kenya, upande wa Pwani. Wanamuziki wawili wakubwa wa mji mmoja, wote wawili wamechukuliwa na barabara. Sisi tunaoparamia matatu zilizojaa asubuhi ili tuwahi kengele tulifikirie jambo hilo.

Muziki wa namna hii ulivuka mpaka ukaingia Kenya. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika, bendi iliyofanya kazi yake kubwa Nairobi. Kutoka humo ilizaliwa Les Wanyika mwaka 1978, wenye "Sina Makosa", wimbo ambao nina hakika hata mwalimu mkuu anaujua mpaka mwisho. Tunaziita zilizopendwa na kuzisikiliza kama vitu vilivyoota vyenyewe. Havikuota. Kuna waliolima kabla, na Salum Abdallah alikuwa mmoja wao.

Na hapa nyumbani? Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na jina la bendi ni la mlima tunaouona. Gitaa si ala ya asili ya Ukambani, na benga ilianzia kwa Wajaluo. Je, kuna Mkamba anayethubutu kusema Kakai alikuwa mtumwa wa mtu? Mimi sithubutu, na baba yangu asinisikie nikijaribu.

Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Salum Abdallah na kuzitoa upya katika diski iitwayo "Ngoma Iko Huku". Nilifurahi nilipojua hivyo, kisha nikaona aibu kidogo. Mjerumani alizitafuta, mimi mwana wa Afrika Mashariki nilimzomea mtu kwa kutozijua wakati hata mimi sizijui.

HITIMISHO

Je, hoja yetu ya mdahalo ilikuwa uongo mtupu? La. Bado naamini kuna kuiga kunakomfanya mtu adogo. Lakini nilikosea kusema kila kuiga ni utumwa. Sasa ningeuliza maswali matatu kabla ya kumhukumu mtu. La kwanza: je, anakielewa anachokiiga? La pili: ameongeza nini chake? La tatu: watu wake wamefaidika vipi? Salum Abdallah anapita maswali yote matatu. Baadhi yetu tunaoimba nyimbo za Marekani kwenye foleni ya chakula cha mchana, sina hakika.

Jambo la mwisho linanihusu mimi. Lugha ya mama yangu ni Kikamba. Kiswahili hiki ninachokiandika nilikipata kwa kuiga: nilimwiga mwalimu, nikaiga vitabu, nikamwiga mtangazaji wa redio. Insha zangu za kwanza zilikuwa santuri tupu za watu wengine. Kama kuiga ni utumwa, basi hata hotuba niliyoshindia mdahalo ilikuwa ya mtumwa. Afadhali niseme nilikuwa mwanafunzi. Na mwanafunzi akikosea, hufuta akaandika upya.

Kwa hiyo, mwenzangu wa dawati, ulisema kuna kuiga na kuiga. Ulikuwa sawa. Nilikuomba jina moja, nami leo nimekuletea. Nakuomba msamaha mbele ya wote waliocheka. Muhula ujao tukirudia hoja hiyo, naomba nikae upande wako.

ZOEZI

1. Piga makofi ya klave huku mwenzako akisoma ubeti wa shairi lolote la mizani nane. Silabi zipi zinakutana na kofi?
2. Eleza tofauti kati ya mtunzi na mpangaji wa muziki. Toa mfano kutoka kwaya ya kanisa lenu au bendi unayoijua.
3. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu ni mwanamuziki gani alimpenda alipokuwa na umri wako, na kwa nini. Andika jina hilo ulilete chamani. Majina yasipoandikwa hupotea, na siku ya mdahalo utayahitaji.